Sura ya Sita: Futa, Itazaliwa Nyingine

Bu Mursinah, yaani Mama Mursinah, aliingia ofisi za kampuni ya Gendongan saa tatu asubuhi, Jumanne tarehe ishirini na mbili. Kufika saa tatu na robo alishajua nani ameposa, nani kanuniwa na mkewe, na kwamba msichana anayetuhumiwa alikuwa amejifungia chooni analia.

Yote hayo aliyapata kwa Yu Jumirah, yaani Dada Jumirah, mwanamke aliyekuwa akiuza tempe za kukaanga, vipande vya soya iliyovundikwa, na wali uliofungwa kwa jani katika jiko la ofisi kila asubuhi. Bu Mursinah hakuwa na cheti cha upelelezi wala cha kompyuta. Miaka kumi na mbili aliendesha kibanda cha intaneti nyuma ya kituo cha treni cha Lempuyangan, akitengeneza mashine kwa mkono mmoja na kusuluhisha wapenzi kwa mkono wa pili. Siku hizi makampuni ya Yogyakarta, kisiwani Java, humwita seva zao zikifanya mambo yasiyoelezeka. Naye, kabla ya kazi, hula kwanza.

"Mtoto wa watu yule," Yu Jumirah alisema akigeuza tempe. "Katoka Makassar, ng'ambo ya bahari, hana ndugu hapa. Mimi nasema hajafanya."

"Unajuaje?"

"Mtu mwenye hila hali vizuri hivyo asubuhi."

Bu Mursinah alilikubali hilo kama ushahidi wa daraja la pili, akafuta vidole, akaenda kwa mwenye kampuni.

Pak Sasongko, yaani Bwana Sasongko, alikuwa ameandaa karatasi mbili mezani. Kampuni yake iliwasaidia wachuuzi wa masoko kuita wapagazi na vigari kwa simu. Oda zote zilipokelewa na huduma moja iliyoitwa tampa, iliyokaa katika klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama mashine moja. Ndani ya klasta, tampa iliishi katika podi tatu. Podi ni kijumba cha programu; kimoja kikibomoka, klasta hujenga kingine.

"Mwezi huu imekufa mara nne," alisema. "Tarehe tatu, nane, kumi na tatu, kumi na nane. Daftari la klasta linaandika kila anayegusa kitu, na mara zote nne linasema hivi hivi: saa kumi na mbili na dakika kumi alfajiri, Tenri kafuta podi. Saa kumi na mbili na ishirini, wachuuzi wanapiga simu kulalamika. Kafuta, zikafa, watu wakalia. Kuna nini cha kupeleleza hapo, Bu?"

"Funguo za klasta alipewa lini?"

"Tarehe mosi. Kabla ya hapo hatukuwa na shida hata moja."

"Na hizi karatasi?"

"Kesho saa tatu muda wake wa majaribio unakwisha. Moja ni mkataba wa kazi. Nyingine ni barua ya kumwachisha, na ndani nimeeleza sababu. Kampuni nyingine ikiniuliza habari zake, nitaitoa hiyo hiyo."

Bu Mursinah aliitazama barua. Kwa mtu wa miaka ishirini na tatu, karatasi ile ingemfunga milango yote ya mji.

"Kalamu yako ipumzike mpaka kesho saa tatu," alisema.

*

Tenri alitoka chooni macho mekundu, lakini alipoketi mbele ya kompyuta mgongo ulinyooka. Bu Mursinah alivuta kiti karibu naye, akaweka sahani ya tempe katikati.

"Kula, Mbak," alisema, akimwita dada. "Halafu andika amri hii ya klasta."

kubectl config current-context

"Nusu ya kesi zangu zinaishia hapa," alieleza. "Mtu anadhani yuko kwenye klasta ya majaribio, kumbe yuko kwenye ya kazi. Anamwaga chungu akidhani ni maji ya kuoshea, kumbe ni mchuzi wa wageni. Sasa, klasta gani hii?"

"Ya kazi, Bu. Na siku zile nilijua niko hapa. Nilifuta makusudi."

Bu Mursinah aliacha kutafuna. "Makusudi?"

"Zilikuwa zimeshakufa! Zinafufuka, zinakufa, zinafufuka. Na kila zikifa, klasta inazidi kuzisubirisha kabla ya kuziamsha tena. Sekunde kumi, ishirini, arobaini, mpaka dakika tano. Wachuuzi watangoja dakika tano? Ukiifuta podi, mpya inazaliwa papo hapo, haina cha kusubiri. Nafuta, nafuta tena, mpaka zinatulia."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Mas Panggih, yule kaka wa seva. Siku ya kwanza. Alisema, 'Ikigoma, futa, itazaliwa nyingine.'"

"Na mbona ni wewe tu kila mara?"

"Zamu ya alfajiri wanapewa wageni, Bu."

"Hilo naliamini bila ushahidi. Haya, nionyeshe maiti."

Tenri aliandika kubectl get pods. Mistari mitatu ikajitokeza, podi tatu za tampa. Bu Mursinah aliweka kidole chenye mafuta kwenye kioo, Tenri akajizuia asiseme kitu.

"Safu hii ni mara ngapi podi imeanguka na kuamka. Sifuri, sifuri, sifuri. Na hii ni umri. Siku nne. Hizi zimezaliwa Ijumaa, tarehe kumi na nane, ulipofuta zile. Hazijaona kitu. Ni kama kuhoji watoto waliozaliwa baada ya msiba. Jaribu kauli za mwisho."

kubectl logs tampa-7c9f-x2kq --previous

Kompyuta ilijibu kwamba hakuna kontena, yaani programu yenyewe, iliyotangulia ndani ya podi ile.

"Matukio."

kubectl get events --sort-by=.lastTimestamp

Yalikuwepo machache, yote ya saa moja iliyopita. Klasta ile ilitunza matukio kwa saa moja tu, kisha ikasahau kila kitu kama mlevi wa jana.

Bu Mursinah aliegemea kiti, akashusha pumzi.

"Mbak. Umefagia damu, umepiga deki, umeanika godoro nje. Halafu unaniambia hukuua."

"Sikuua!"

"Najua. Lakini podi iliyoanguka yenyewe inabaki na kumbukumbu ya kifo chake: sababu, saa, maneno ya mwisho. Ukiifuta, vyote vinazikwa nayo. Kimebaki kitu kimoja tu, jina lako kwenye daftari. Sikiliza, hili ulishike hata kama kesho utafukuzwa. Kwanza describe, uone hali yake. Pili logs na neno previous, usome kauli za mwisho. Vyote viwili uvitie kwenye faili. Halafu ndiyo uzike."

Tenri aliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu: *uliza kabla ya kuzika*. Kisha akachukua tempe.

"Sasa tuone nani mwingine aliyeigusa hii tampa," Bu Mursinah alisema.

kubectl rollout history deployment/tampa

Toleo la mwisho lilikuwa na maelezo yaliyoandikwa kwa unadhifu: *tarehe mosi, kupunguza memori, Panggih*.

*

Mas Panggih alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi hata mikono. Alimkaribisha Bu Mursinah kwa chai, akamngoja anywe kwanza, akafungua daftari lake la karatasi bila kuombwa.

"Seva zilikuwa zimejaa, Bu. Tampa ilikuwa imepewa ukomo wa memori wa megabaiti mia saba sitini na nane kwa kila podi, nayo haitumii hata robo. Nikashusha hadi mia mbili hamsini na sita."

"Ulipima kwanza?"

"Bila kupima sigusi kitu." Akageuza kurasa. "Mwezi uliopita, kila asubuhi. Tarehe kumi na nne hadi kumi na saba. Kumi na tisa hadi ishirini na mbili. Ishirini na nne hadi ishirini na saba. Kilele cha juu kabisa, mia moja arobaini. Nikaacha nafasi karibu mara mbili ya hapo."

Bu Mursinah alipitisha kidole kwenye tarehe. Mwandiko ulikuwa mzuri kama wa kadi ya harusi.

"Tarehe kumi na nane hukupima. Na ishirini na tatu."

"Mambo ya nyumbani, Bu."

"Mambo gani?"

"Ya nyumbani," Panggih alisema, na masikio yakamwiva.

Alipotoka hapo Bu Mursinah aliandika kubectl top pods, amri inayoonyesha kila podi inakula kiasi gani. Mia na kumi na nane. Mia na kumi na tano. Mia na ishirini. Ukomo ulikuwa mbali. Panggih alikuwa mtu wa kweli, na hesabu yake ilikuwa safi. Hiyo ndiyo iliyomsumbua Bu Mursinah mpaka akarudi jikoni. Kwake jiko ndilo lilikuwa mahali pa kufikiri.

"Yu," alimuuliza Jumirah, "dada yako si anauza kuku sokoni? Siku zile simu zilipogoma, ziligoma saa ngapi hasa?"

"Kabla hata ya saa kumi na mbili. Malori yakishusha tu, basi, simu imekwama."

"Mbona malalamiko yanafika saa kumi na mbili na ishirini?"

Yu Jumirah alicheka mpaka kijiko kikatikisika. "Bu Mur, wewe si wa hapa? Watu wa soko wampigie tajiri kabla hajanywa chai? Wanaona haya! Wanaangaliana, 'piga wewe', 'aa, piga wewe', mpaka anasukumwa mmoja mwenye uso mkavu."

Kwa hiyo kifo kilitangulia, Tenri akafuta, adabu ikachelewesha kilio. Mambo yalikaa sawa, lakini huwezi kumpelekea Pak Sasongko neno la dada wa muuza tempe ukamwambia achane barua.

"Nikuwekee tempe za kesho leo leo," Yu Jumirah aliendelea. "Kesho siji. Kesho Pahing, namsaidia dada. Watu wa milimani wanashuka na kuku na mbuzi na kabichi, hata pa kutia mguu hapapatikani."

Bu Mursinah aliacha kutafuna kwa mara ya pili siku ile. Leo Legi, kesho Pahing, kisha Pon, Wage, Kliwon, halafu Legi tena: wiki ya soko ya Kijava, siku tano. Alikunja vidole akirudi nyuma kutoka kesho. Ishirini na tatu. Kumi na nane. Kumi na tatu. Nane. Tatu. Kwenye skrini zote za ofisi wiki ilikuwa na siku saba, kwa hiyo vifo vilionekana vimetawanyika ovyo: Alhamisi, Jumanne, Jumapili, Ijumaa.

"Na Mas Panggih huniulizi," Yu Jumirah alisema, akishusha sauti kwa raha ya mwenye habari. "Yule Pahing hata shati jipya havai. Baba yake alifariki siku ya Pahing. Nyumba yao haianzi jambo Pahing, hata kupaka rangi mlango. Mwaka jana kaahirisha posa ya mdogo wake, wakwe wakanuna!"

Bu Mursinah alirudi kwenye vidole vyake, tano tano, mpaka akaingia mwezi uliopita. Ishirini na nane. Ishirini na tatu. Kumi na nane.

"Niwekee tempe arobaini," alisema.

"Arobaini! Nani anaoa?"

"Kesho alfajiri nina wageni."

*

Saa kumi na moja na nusu ofisi ilikuwa imejaa kana kwamba kuna hitma. Pak Sasongko alikuwa kwenye kiti cha mbele, miayo inamshinda. Tenri alikuwa kwenye kibodi, Panggih amesimama ukutani. Nyuma yao walijipanga wahasibu wawili na mlinzi, ambao hawakuitwa lakini walisikia kuna tempe.

Kwenye skrini palikuwa na madirisha mawili. La kwanza lilikuwa na kubectl get pods --watch, linaloandika mstari mpya kila podi inapobadilika hali. La pili lilikuwa na top, likijirudia kila baada ya muda.

"Sharti ni moja," Bu Mursinah alisema. "Hakuna mtu kufuta kitu. Mbak, umesikia?"

"Nimesikia, Bu."

Mia moja na ishirini. Mia moja na thelathini. Malori yalikuwa yanashusha. Unaweza kusema waliyaona kwa namba. Mia moja sabini. Panggih alisogea hatua moja mbele. Mia mbili na kumi. Midomo yake ilikuwa inahesabu kimya kimya. Mia mbili arobaini na nane.

Dirisha la kwanza likaongeza mstari. Podi moja imekufa. Kisha ya pili. Safu iliyokuwa sifuri ikawa moja, kisha mbili.

Mkono wa Tenri ulikwenda kwenye kibodi wenyewe.

"Mikono!" Bu Mursinah alimtwisha sahani ya tempe, nzito, ya mikono miwili. "Shika hii."

"Bu, wachuuzi wanangoja!"

"Wangoje dakika tatu leo, wasingoje kila siku tano mwaka mzima. Pak, saa yako inasemaje?"

"Saa kumi na mbili kasoro dakika nne," Pak Sasongko alisema, miayo imemkimbia.

"Imekufa. Tenri ana sahani. Daftari la klasta halina jina la mtu. Simu yako imelia?"

"Haijalia."

"Itakapolia, utazame tena saa." Aliinama mwenyewe juu ya kibodi na kuandika kwa vidole viwili:

kubectl describe pod tampa-7c9f-x2kq > ushahidi.txt

Akafungua faili, akashuka mpaka mahali palipoelezwa hali ya mwisho ya kontena. OOMKilled. Namba ya kutokea: 137.

"Haya, someni wote. Mia moja thelathini na saba maana yake programu haikujiua, imepigwa kutoka nje. Na neno hili hapa linataja aliyepiga: mashine yenyewe, kwa sababu kontena imevuka ukomo wa memori. Hakuna mwizi humu. Kuna soko la Pahing, oda mara tatu ya siku nyingine, na kijumba kilichobana."

Pak Sasongko alilisoma faili mara mbili. "Ukomo huo aliuweka nani?"

Mlinzi aliangalia dari, wahasibu wakaangaliana. Bu Mursinah alikuwa na jibu, na kwa kawaida yake angelisema kwa madoido yote, ila safari hii alimwachia mhusika aseme mwenyewe.

"Mimi, Pak," Panggih alisema kutoka ukutani. "Nilipima siku kumi na mbili. Lakini siku ya Pahing sikupima hata moja. Kwetu... Pahing ndiyo siku ya baba. Sianzi kazi mpya siku hiyo. Nikadhani siku moja haitadhuru." Akamgeukia Tenri, na sauti ikapungua. "Na mimi ndiye niliyekufundisha kufuta. Nisamehe, Mbak."

Tenri, mikono imejaa tempe, hakujua afanye nini, akamsogezea sahani. Panggih akachukua moja.

"Kukiri kumekwisha," Bu Mursinah alisema. "Soko bado limekwama. Mas, njoo uandike."

Panggih alikaa kwenye kibodi. Akaandika amri yote, herufi kwa herufi, nadhifu kama daftari lake:

kubectl set resources deployment tampa --limits=memory=768Mi

Kidole kikasimama juu ya kitufe cha mwisho. "Bu... leo Pahing."

"Huanzi jambo, Mas," Bu Mursinah alimwambia taratibu. "Unamalizia."

Akabonyeza.

Podi mpya ya kwanza ikazaliwa, ikasimama, na ya pili pia. Ya tatu ikagoma kuzaliwa: seva zimejaa, hakuna nafasi. Tenri alikuwa ameshaweka sahani chini. "Kuna huduma tatu za majaribio zimelala humu tangu mwaka jana, hazina mtu. Nizizime?" Bila kungoja jibu akafungua faili nyingine kuonyesha. "Hali zao nimeshaziandika hapa tangu jana. Nimeuliza kabla ya kuzika."

"Zima," Pak Sasongko alisema.

Akazishusha hadi sifuri kwa kubectl scale. Nafasi ikapatikana. Podi ya tatu ikasimama. Memori ikapanda mia tatu, mia tatu sitini, ikatulia hapo. Watu saba walikaa wakitazama safu ya sifuri tatu kama watazamao mpira, na sifuri hazikuondoka.

Simu ya Pak Sasongko ililia. Aliitazama saa kwanza: kumi na mbili na dakika ishirini. Akapandisha sauti wote wasikie.

"Samahani sana kukusumbua, Pak," ilisema sauti ya mwanamke, kuku wakipiga kelele nyuma yake. "Simu ilikuwa imegoma tangu mapema, tukaona aibu kukuamsha. Sasa imepona. Nimepiga tu kusema imepona. Samahani, Pak. Jumirah anawasalimia, anauliza kama kuna aliyelia."

"Hakuna!" ofisi nzima ilijibu.

Pak Sasongko alikwenda mezani kwake. Barua aliikunja mara nne, akaitia mfukoni kama mtu anayeficha risiti. Alirudi na mkataba.

"Pak," Panggih alisema kwa haya, "mkataba ni jambo la kuanza. Si bora tungoje kesho, Pon?"

Kalamu ya Pak Sasongko ikasita hewani. Naye alikuwa Mjava.

Tenri aliitoa kalamu mkononi mwake.

"Makassar hatuna Pahing," alisema, akasaini.

Bu Mursinah aliitafuta sahani ya tempe. Mlinzi alikuwa ameshaimaliza.